Mto wa Kalumbi Ndani ya Kioo

Bulaimu alikuwa seremala wa milango na madirisha pale Kasongo, zamani za Wabelgiji, na kama kuna mtu aliyependa vitu vinyooke kuliko yeye, mimi sijamsikia. Ukimpelekea mlango uliopinda kidogo tu, aliutazama kana kwamba umemtukana mama yake. Ufundi alifunzwa kwenye karakana ya mapadri, yeye Mwislamu mtoto wa Waislamu wa upande wa Kabambare, na mapadri hawakumsumbua juu ya dini yake kwa sababu kazi yake iliwanyamazisha. Alijua kukata kioo kisivunjike, na mastiki ya kushikia kioo aliipaka ikawa laini kama ugali uliopitishwa mwiko wa maji. Wazungu walimwita kwa madirisha yao, watu wa mtaani wakamwita kwa vitanda vyao.

Nyumbani alikuwa msafi kupita kiasi. Mke wake, Subira, aliwaambia wenzake kisimani kwamba mume huyu, angepata nafasi, angewafuta kuku miguu kabla hawajaingia uani. Maneno yake yalikuwa machache, na ya ugomvi hakuwa nayo kabisa.

Mwaka ninaousema, mama yake Subira aliletwa kutoka Kabambare juu ya kamio, lori la dereva Abdallah, mguu umefungwa kitambaa, harufu ikitangulia. Jina lake Binti. Kidonda chake kilianza na mwiba tu, kikakataa dawa zote za kijijini, kikala nyama ya muundi mpaka karibu na mfupa. Gérard, muuguzi wa hospitali, alikiosha, akampiga mama sindano, kisha akamwambia Subira bila kuficha: kidonda kitapona, lakini polepole, na mama asiondoke mpaka mvua zirudi. Akiondoka kabla, akakanyaga matope ya kule mtoni, mara ya pili hataletwa kwa sindano, ataletwa kwa msumeno. Bulaimu, mtu aliyeishi na msumeno mkononi, alilielewa neno hilo kuliko wote.

Sasa hapa kuna jambo la kueleza. Kule kwao mwanamume hamtazami mama mkwe wake usoni. Hali naye, haketi naye, hasemi naye ana kwa ana. Wala si uadui, hiyo ndiyo heshima yenyewe, na mtu asiyeifuata watu humuuliza alizaliwa porini au wapi. Basi Bulaimu aliigawa nyumba kwa ukuta wa mbao, mama upande ule, yeye upande huu, na maneno yote yakapita kwa Subira. Mbao zilikuwa nyembamba. Kila mmoja alimsikia mwenzake akikohoa, akisali, akijikuna. Hata hivyo Binti alisema, "Subira, umuulize bwana yako kama amekula," na Bulaimu, aliyeketi pale pale nyuma ya ubao, akangoja Subira azunguke aje amuulize, ndipo akajibu, "Umuambie mama nimekula, asante." Subira akazunguka tena.

"Nimekuwa posta," alilalamika Subira. "Na posta hata siku ya Mungu inafungwa."

Binti alivumilia mpaka mvua zilipoanza kupungua. Hapo moyo wake ukahama kabisa. Kwao kuna kijito kinachoitwa Kalumbi, si mto wa kutisha, mtu mzima anauvuka nguo zikiwa magotini. Kila kiangazi maji yakishuka, wanawake wa ukoo wanauziba kwa udongo na vigogo vya migomba, wanayamwaga maji kwa vikapu na vibuyu mpaka mashimo yanakauka, wanaokota samaki. Kazi hiyo ni ya wanawake peke yao. Wanaume wanaletewa wali na samaki, wanakula, wananyamaza. Na hakuna mwanamke anayeingiza mguu majini kabla mama wa mto hajayapiga maji kwa kikapu chake. Huyo mama wa mto alikuwa Binti, tangu Subira hajaota meno.

"Kamio ikirudi karibu na kiangazi, mi naenda," alisema upande wa pili wa mbao. "Muguu utapona kule kule. Siwezi kukaa naangalia ukuta wakati muto unaningoja."

Subira alilia. Akamkumbusha mama yake maneno ya Gérard, na Binti akamjibu kwamba Gérard ni mutoto mzuri lakini hajui kitu juu ya Kalumbi. Bulaimu alikuwa ameshika randa upande wake, amesimama nayo tu. Mtu mwingine angekwenda akapiga magoti, akabembeleza. Yeye hata neno "mama, usiende" hakuwa na njia ya kulitoa kinywani. Na alimpenda yule mama. Wakati wa posa, ndugu wa Subira walipoulizana huyu kijana wa mapadri ni Mwislamu wa namna gani, ni Binti aliyewaambia wanyamaze.

Siku zile zile Mbelgiji mmoja wa mambo ya pamba alikuwa anarudi kwao Bulaya. Alimwita Bulaimu amtengenezee masanduku ya safari, na pale barazani kwake kulikuwa na sanduku la kioo lenye fremu ya chuma, ambamo zamani alifuga samaki wekundu. Samaki walishakufa siku nyingi, ndani mlibaki viatu vya zamani na mavumbi. Mzungu akamwambia alichukue akitaka. Bulaimu alilichukua kwa akili ya seremala: vioo vile angevikata awekee watu madirisha.

Alilifikisha nyumbani, akalitua, akaanza kuichokonoa mastiki kuukuu kwa kisu. Upande wa pili Binti alikuwa anamsimulia Subira habari za Kalumbi, shimo kwa shimo, jiwe kwa jiwe, kama mtu anayetaja majirani zake. Bulaimu akasimamisha kisu. Akalitazama sanduku. Kisha akachukua mastiki mpya, na badala ya kulivunja akaanza kuziba nyufa.

Alilifanya kama seremala anavyofanya kila kitu. Mchanga aliuosha mpaka ukawa mweupe kama mchele. Mawe aliyachagua meupe, ya mviringo, akayapanga mstari mmoja kuanzia kubwa mpaka dogo. Maji aliyachota kisimani, safi kabisa. Akasimamisha majani mawili matatu kama nguzo za ua, akaenda kwenye mfereji wa mashamba ya mpunga, akaopoa samaki wadogo kwa chandarua kuukuu. Alikata tundu katika ukuta wa mbao, sawa sawa na ukubwa wa sanduku, akalisukuma humo, ili mama aone kutoka upande wake. Kisha akarudi kwake, akaketi, mikono mapajani.

Upande ule kigoda kikaburutwa karibu na kioo.

"Subira," Binti akasema mwishowe.

"Labeka, mama."

"Umuulize bwana yako, hawa samaki wamefanya kosa gani?"

Subira hakuelewa. "Kosa, mama?"

"Naona wamefungwa."

Subira akazunguka kuja kwa mume wake, amebana midomo asicheke, lakini Bulaimu alikuwa ameshasikia, uso umemwiva. Binti aliendelea, hakungoja jibu. Akasema mto haufagiwi. Akasema mawe yale yamesimama kama watu wanaongoja kuhesabiwa kodi. Akasema tena, "Angalia hawa samaki, mwanangu. Huyu anakwenda huku, yule kule. Samaki wa muto anaweka uso kule maji inatoka. Hapa maji haitoki mahali. Hawajui waangalie wapi."

Kesho yake samaki walikuwa juu ya maji, wanatweta. Kesho kutwa walikufa. Bulaimu akawazika chini ya mgomba, na aibu aliyoisikia haikuwa ndogo.

Lakini Subira alimfuata kule mgombani. Akamwambia, mama juzi amesema maneno mengi kuliko mwezi mzima. Na jioni yote hakuitaja kamio.

Bulaimu akafikiri. Akanawa mikono, akarudi kwenye ubao. "Subira, umuulize mama, muto unakaa namna gani?"

Ehe, hapo sasa posta ilipata kazi. Binti alieleza kutwa nzima, na siku iliyofuata, na nyingine. Mto una mahali pa kukimbia na mahali pa kupumzika. Jiwe la mto ni jeusi na linateleza, maana limevaa nguo yake, ukilivua nguo hiyo samaki wa mawe watakula nini? Majani yaliyooza ndiyo nyumba ya watoto wa samaki. Mzizi wa mti lazima, bila mzizi samaki ana haya. Bulaimu alisikiliza, akauliza, akauliza tena, mpaka Subira akasema kama ni hivyo wote wawili wamlipe mshahara, maana kutwa anakimbia baina yao. Mwishowe Bulaimu akaona kuambiwa hakutoshi. Mlango haupimwi kwa kuambiwa. Abdallah alipofunga mizigo ya kurudi Kabambare, Bulaimu alikuwa juu ya magunia ya chumvi, amekumbatia damijani tupu, ile chupa kubwa ya divai ya mapadri.

Mauwa, mdogo wake Binti, ndiye aliyempokea na kumpeleka Kalumbi. Wanawake waliokuwa wanaloweka mihogo pale walicheka wakashikana mabega. Mwanamume kutoka Kasongo, fundi wa Wazungu, amepanda kamio siku nzima aje kuomba majani ya kuoza. Mauwa aliwakemea kidogo, akacheka naye.

Bulaimu alivua shati, akalikunja vizuri, akalala kifudifudi juu ya mwamba, akatazama ndani ya maji. Alikaa hivyo mpaka jua likamchoma mgongo. Aliona mchanga mwembamba umelala nyuma ya mawe makubwa, mahali maji hayafiki kwa nguvu, na changarawe imebaki pale yanapokimbia. Aliona majani hayakutawanyika ovyo, yalirundikana kwenye kona moja chini ya mzizi. Aliona samaki wadogo wenye doti nyeusi ubavuni, kundi zima, wote uso mmoja, wanapepea mkia bila kusogea. Na wengine, wa mdomo bapa, wamejibandika juu ya mawe kana kwamba wamepigwa misumari. Akapima kila kitu kwa kamba, kwa sababu hakujua njia nyingine ya kupenda kitu.

Alirudi na mawe meusi yaliyofungwa kwenye majani mabichi ya migomba yasikauke, gunia la majani yaliyooza, mzizi mmoja uliopinda vibaya sana, mchanga usiooshwa, na damijani ya maji yenye samaki. Njiani kila walipovuka kijito aliomba gari isimame abadilishe maji. Kila walipokwama, kantonye, vibarua wa barabara, wakisukuma, yeye alikuwa anamimina maji kutoka bakuli hadi bakuli ili yapate upepo.

"Mimi nimebeba mbuzi, nimebeba maiti, nimebeba na wagonjwa wa kichaa," Abdallah alisema. "Muto, hii ni mara ya kwanza."

Kuupanga ndiyo ilikuwa taabu. Mikono yake ilizoea kunyoosha. Aliweka jiwe, akalisogeza likae sambamba na kioo, na sauti ikatoka upande wa pili: "Subira, umuambie aache." Aliweka lingine. "Subira, umuambie analinyoosha tena." Mwisho wake alifumba macho, akayaachia mawe yaanguke yenyewe, na Binti hakusema kitu, kumaanisha ni vizuri. Mzizi aliusimamisha katikati, umetanua vidole vyake, ili mtu wa upande huu na mtu wa upande ule wasionane kupitia kioo. Binti aliutazama mzizi ule, akaelewa. "Mukwe wangu ana adabu," akasema, kwa sauti ya kutosha.

Ikabaki mbio ya maji. Bulaimu alipandisha pipa juu ya jukwaa nje ya nyumba, chini ya mchirizi wa bati, akalitoboa, akapitisha mwanzi kutoka pipani mpaka kwenye sanduku, mwembamba, maji yakawa yanaingia kwa upande mmoja bila kukoma. Upande mwingine akaweka mwanzi wa kutolea, unaopita ukutani na kumwagia migomba. Mvua isiponyesha walijaza pipa kwa ndoo. Majirani hawakumwacha. Walisema nyumba ya Bulaimu ina ugonjwa, inakojoa mchana kutwa. Naye aliitikia salamu zao, akaendelea na ndoo zake.

Siku alipofungua mwanzi, samaki walikuwa wanazurura kila mmoja njia yake. Maji yakaanza kuingia, yakasukuma jani moja, yakazunguka mzizi. Samaki mmoja wa doti akageuka. Akafuata wa pili. Kisha kundi lote likaelekeza uso kwenye mwanzi, mikia ikipepea, likatulia pale pale.

Bulaimu hakumwona mama mkwe wake, ila Subira aliwaambia watu baadaye kwamba mama alichukua ncha ya kitenge akajifuta macho, akasema, "Ndio hivyo. Sasa wamefika."

Kuanzia hapo Binti alikuwa na kazi. Aliweka mguu wake juu ya kigoda, kama Gérard alivyoagiza, akakaa na mto wake. Aliwatupia mchwa na makombo ya wali. Mlikuwa na kaa mdogo aliyekuja kwa siri ndani ya majani, akachimba shimo chini ya jiwe na kunyang'anya kila kitu kilichopita mlangoni pake. Binti akamwita Kapita, jina la wasimamizi wa Wazungu. Bulaimu akirudi kazini aliketi upande wake, naye anatazama, na nyakati nyingine Subira aliwakuta hivyo, mama huku, mume kule, mto katikati, hakuna anayemwita. Posta ilipata kupumzika. Na kidonda kilianza kujaa nyama mpya, nyekundu, safi. Gérard alikitazama akafurahi, akarudia neno lake: mpaka mvua zirudi.

Lakini kiangazi kilikuja. Vumbi likapanda, kisima kikashuka, na siku moja kamio ya Abdallah ikaingia mjini na salamu za Mauwa. Maji ya Kalumbi yamefika chini, vikapu vimesukwa, wanawake wanangoja. Nani atayapiga maji?

Binti aliomba kikapu chake, kile alichokuja nacho, kilichokuwa kinaning'inia jikoni. Alikipangusa vumbi, akakilowesha, akakaza fito zilizolegea. Subira alipiga magoti. Gérard mwenyewe alipita, akamwonyesha kwa kidole mahali kidonda hakijafunga, akamwambia tena juu ya matope. Binti alimshukuru vizuri sana, akaendelea na kikapu. Hakusema anakwenda, hakusema anabaki.

Bulaimu alisikia fito zikikazwa upande wa pili wa mbao. Akaona wazi kwamba amefanya ujinga. Amechukua mwanamke mwenye mto mzima akamwonyesha mto wa sandukuni, kisha akafikiri kwamba utamtosha.  Akalijaza pipa mpaka juu, akaenda kulala.

Asubuhi aliitwa kuweka vioo kwenye nyumba ya Mzungu, kazi ya kutwa, na hakuna mtu aliyekuwa anamkatalia Mzungu miaka ile. Alikuwa juu ya ngazi aliposikia honi ya kamio kwenye njia ya Kabambare. Mkono wake ukasimama. Baadaye akapita mtu aliyemfahamu, akitoka sokoni, naye akamwuliza kama Abdallah amekwenda.

"Amekwenda. Nimeona na kikapu cha mama mukwe yako, kile kikubwa, kimefungwa juu ya magunia."

Bulaimu aliteremka, akaegemeza kioo ukutani bila kutazama kama kimekaa sawa, akaondoka akikimbia. Watu wa Kasongo hawajawahi kumwona akikimbia. Walidhani nyumba inaungua.

Subira hakuwepo. Bulaimu aliingia, akaenda kwenye ukuta, na pale akasimama. Mto haukuwepo. Mwanzi umegeuzwa, maji yanamwagika nje. Mawe yamebaki makavu nusu, mzizi umelazwa chini, majani yamejibandika kwenye kioo, na katikati ya sanduku kulikuwa na tuta la udongo lililochanganywa na nyuzi za mgomba, mtu amelikandika kwa vidole. Hakulielewa. Samaki hata mmoja hakubaki.

Aliketi chini kwenye vumbi, yeye aliyekuwa anafuta kiti kabla ya kuketi. Alilia. Aliulilia mguu wa yule mama, kwa sababu msumeno aliujua. Akajililia na mwenyewe, kwa sababu hakuweza kumwambia neno moja, na sasa mama ameondoka halijasemwa.

Ndipo akaona kivuli kinasogea upande wa pili wa kioo. Maji hayakuwepo tena ya kuficha kitu. Aligeuza uso upesi, akatazama mlangoni. Nyuma ya mbao mtu akakohoa, na kikohozi kile alikijua vizuri kuliko chake mwenyewe. Harufu ya samaki wa kuchomwa kwenye majani ikamfikia.

Bulaimu alitaka kuuliza, na Subira hayupo. Alitazama huku na huku. Karibu na kizingiti kulikuwa na kuku mmoja anapekua.

"Wee kuku," akasema. "Mi nilifikiri mama amekwenda na kamio."

Upande wa pili kifuniko kikalia.

"Sufuria," akasema Binti, "unasikia mambo anaulizwa kuku? Umsaidie kujibu. Useme mama hakwenda. Kikapu ndicho kimekwenda. Mauwa atapiga maji ya Kalumbi, na kikapu kile sasa ni chake."

Bulaimu akamgeukia kuku tena. "Kuku, na huu muto, nani ameuharibu?"

"Sufuria, kweli wanaume hawajui kitu. Muto haukuharibika, umekaushwa. Si iko kiangazi? Nimeufunga kwa udongo, nimetoa maji kwa kikombe, nimeokota samaki. Kaa tu nimemuacha, Kapita hapikwi." Akakoroga kitu. "Tena umuambie huyo kuku jambo la wanawake, asilitangaze. Mama wa muto akisha kupiga maji, haondoki mahali pale mpaka mvua irudishe maji. Akiondoka, samaki hawarudi tena. Hata ndugu zangu wote wakija na kamio kunichukua, hakuna mutu wa ukoo wetu atakayenipandisha. Mimi leo nimepiga maji hapa na kikapu kile kile, ndipo nikakipandisha kamio."

Bulaimu alikuwa anaelewa polepole. Kule Kalumbi wanawake wangemwita Binti, kiangazi hiki chote, na moyo wake ungewaitikia kila siku. Yeye alijua hivyo. Ndiyo maana alijifunga kwa sheria ya kwao, ile moja ambayo hangeweza kuivunja.

"Huyu mutu alibeba muto juu ya kamio," Binti akasema, na hakutaja tena sufuria wala kuku. "Kwa muguu wa muzee. Ningemuacha vipi?"

Kisha mkono wake ukatokea pembeni ya sanduku, penye nafasi ndogo kati ya chuma na ubao, umeshika kifungu cha majani, cha moto bado. Ukakiweka juu ya fremu, ukarudi.

"Fungu la kwanza ni la mwenye muto," akasema.

Bulaimu alikichukua, akakifungua magotini. Samaki walikuwa wadogo, miiba tupu, na chumvi ilizidi. Alikula wote, na vichwa. Alifuta mikono kwenye jani, akamtafuta kuku kwa macho, lakini kuku alikuwa amekwenda zake uani.

"Mama," akasema. "Asante."

"Kula, mwanangu," Binti akajibu. "Kuna wengine jikoni."